DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 25: Simbi za wazee wetu na pishi ya fitra



Simbi wengi wetu tumeziona kwa bibi. Ni nyumba ya konokono mdogo wa baharini. Watu wa pwani humwita kauri. Akiwa hai, huufunika mgongo wa gamba kwa nyama yake laini, na ndiyo inayolipa ule mng'ao. Hakuna fundi aliyelipaka rangi, subhanallah! Akifa, gamba linabaki, mwenyewe hayupo.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alikuwa kadhi visiwa vya Maldivi. Anasimulia kuwa watu wa huko waliwaokota konokono hao na kuwafukia pwani mpaka nyama ioze, libaki gamba jeupe. Dinari moja ya dhahabu ilipata simbi 400,000. Alipofika nchi ya Mali, Afrika Magharibi, dinari moja ilipata simbi 1,150 tu. Gamba ni lilelile! Thamani ilikuwa kwenye makubaliano ya watu.

Huku kwetu zilipanda na misafara kutoka pwani, zaidi ya kilomita 1,000, hadi kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili pale Kafuro, karibu na Bweranyange kwa Omukama Rumanika. Zilitobolewa, zikatungwa kwenye kamba, zikawa pesa. Jirani zetu Waganda mpaka leo pesa wanaiita ensimbi.

Kisha ikaja rupia ya Wajerumani, ikaja shilingi. Aliyejaza simbi mtungini akabaki na mtungi wa magamba. Hakuibiwa hata moja, lakini utajiri umeondoka.

Sasa tazama hekima ya zakatul-fitri. Madina dinari na dirhamu zilikuwapo, lakini Mtume (s.a.w.) aliiweka kwa kipimo cha chakula: saa moja ya tende au shayiri kwa kila mtu. Kwetu ndiyo pishi, kilo mbili na nusu hivi za mchele au mahindi. Simbi imepita, rupia imepita, ila pishi bado inamshibisha maskini siku ya Idi.

*Ya kufanya leo:*
1. Hesabu watu wa nyumbani kwako, pamoja na mtoto mchanga. Kila mmoja ana pishi yake.
2. Usingoje. Ikitolewa baada ya swala ya Idi inakuwa sadaka ya kawaida tu.
3. Mtazame jirani asiyeomba. Huenda nyuma ya migomba yake jiko halijawaka.

Ndugu yangu, mali uliyoifungia inaweza kugeuka magamba ukiwa unaiangalia. Uliyomlisha mwenye njaa iko kwa Allah, na huko haishuki thamani.

Allah atukubalie funga zetu na atoharishe mali zetu. Aamin.

Mtumie na mwenzio asiye na simu kubwa: msomee.