Tafsiri ya Majina ya Taasisi za Nishati na Mazingira: Mfano wa ADEME ya Ufaransa

1.0 Utangulizi

Jina la taasisi ya umma ni ahadi fupi kwa mwananchi. Humwambia nani amepewa kazi, ni kazi gani, na kwa nguvu ipi. Jina hilo linapohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, ahadi hiyo yaweza kuongezwa, kupunguzwa au kugeuzwa kabisa bila mfasiri kukusudia. Makala haya yanachunguza tatizo hilo kwa kutumia jina la taasisi ya taifa ya Ufaransa inayoshughulikia mazingira na nishati, ijulikanayo kwa kifupisho cha ADEME. Hoja inayotetewa ni kwamba jina la namna hii halina budi kufasiriwa kwa kuzingatia majukumu ya taasisi yenyewe, na kwamba neno “mpito”, ambalo sasa limeenea katika mijadala ya nishati, halijitoshelezi mpaka litajiwe kinachoachwa na kinachoendewa.

2.0 Chimbuko la Taasisi na Majina Yake

Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 kuliishtua Ufaransa, nchi iliyotegemea sana mafuta kutoka nje. Mwaka 1974 iliundwa taasisi ya kuhimiza uwekaji akiba wa nishati. Mwaka 1982 nafasi yake ilichukuliwa na taasisi nyingine iliyobeba katika jina lake neno maîtrise, yaani hali ya kuwa na umahiri na uwezo wa kukitawala kitu. Sheria ya tarehe 19 Desemba 1990 iliiunganisha taasisi hiyo na nyingine mbili, moja iliyoshughulikia taka na nyingine ubora wa hewa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Agence de l'Environnement et de la Maîtrise de l'Énergie. Mwaka 2020 taasisi ilianza kujitambulisha kama Agence de la transition écologique, ingawa kifupisho cha ADEME kilibaki.

Mfuatano huu wa majina una historia ndani yake: kutoka akiba, kwenda umahiri, hadi mpito. Kila hatua inamdai mfasiri uamuzi mpya.

3.0 Wakala, Mamlaka au Baraza?

Kiswahili cha utawala nchini Tanzania kina maneno kadhaa yanayoweza kusimama mahali pa agence. Lipo “baraza”, kama katika Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuongezewa nguvu na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lipo “mamlaka”, kama katika Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tena lipo “wakala”, kama katika Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Maneno haya hayabadilishani nafasi kiholela. Mamlaka hutoa leseni na kutangaza bei kikomo za mafuta. Baraza la mazingira laweza kumtoza faini mchafuzi. ADEME haina nguvu hizo: haipangi bei ya umeme, wala haifungi kiwanda. Kazi yake ni kufanya utafiti, kutoa ushauri, kuelimisha umma na kugharimia miradi. Kwa upande huu inakaribiana zaidi na Wakala wa Nishati Vijijini, ambao hauzalishi umeme bali huwezesha miradi kwa fedha za mfuko maalumu. Kwa hiyo “wakala” ndilo neno linalofaa.

Hata hivyo, neno hili lina utata wa kisarufi. Wakala aliye mtu huchukua upatanisho wa kiumbe hai: “wakala amefika”. Wakala ulio taasisi umezoea upatanisho wa u-: “wakala umetoa ruzuku”. Upatanisho ndio unaotenganisha maana hizi mbili, na mwandishi anayeuchanganya humfanya msomaji adhani kwamba anayezungumziwa ni mtu mmoja mwenye duka.

4.0 “Udhibiti” na “Matumizi Bora”

Kamusi itamshawishi mfasiri kuandika “udhibiti wa nishati” kwa maîtrise de l'énergie. Tafsiri hiyo ingekuwa sahihi kwa neno na potofu kwa taasisi. Nchini Tanzania, “udhibiti” katika sekta ya nishati tayari una mwenyewe: ni kazi ya kusimamia bei, leseni na viwango. Msomaji angeamini kwamba ADEME ndiyo inayopaswa kulaumiwa bei inapopanda, na malalamiko yake yangepelekwa mlango usio wake.

Dhana ya maîtrise inahusu kujua kiasi kinachotumika, kupunguza kinachopotea na kuchagua chanzo kinachofaa. Dhana hii si ngeni kwa Waswahili. Methali isemayo “mali bila daftari hupotea bila habari” inagusa sehemu yake ya kwanza, na “akiba haiozi” inagusa sehemu ya pili. Kati ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka, “matumizi bora” ndiyo yanayobeba sehemu zote tatu. Jina la mwaka 1990 basi lingekuwa “Wakala wa Mazingira na Matumizi Bora ya Nishati”. Ikumbukwe pia kwamba msomaji wa Kenya amezoea “kawi” pale ambapo wa Tanzania husema “nishati”. Matini inayowalenga wote wawili haina budi kulieleza hilo mapema.

5.0 Mpito: Kutoka Wapi Kwenda Wapi?

Katika siasa za eneo la Maziwa Makuu, “mpito” umezoeleka kupitia “serikali ya mpito”, kama ile ya Burundi ya 2001 hadi 2005 au ya Kongo ya 2003 hadi 2006. Hapo neno huashiria kipindi kifupi, chenye mwanzo na mwisho. Mpito wa nishati ni wa miongo mingi. Mwaka 2021 ADEME ilichapisha taswira 4 za njia za kuifikisha Ufaransa mwaka 2050 bila kuongeza kaboni angani. Moja inategemea zaidi watu kupunguza matumizi. Nyingine, iliyo upande wa pili, inaweka matumaini katika teknolojia ya kurekebisha madhara. Mwisho ni mmoja, lakini njia ni nne.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye uelekeo. Tangu mwaka 2009 ADEME imesimamia mfuko unaogharimia upatikanaji wa joto kutoka vyanzo jadidifu, vikiwemo kuni na mabaki ya miti yanayochomwa katika matanuri ya kisasa badala ya gesi na mafuta. Kwa upande mwingine, mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Maana yake ni kuacha kuni na mkaa na kuhamia gesi, umeme na vyanzo vingine. Huku gesi inaachwa na kuni zinaingia. Kule kuni zinaachwa na gesi inaingia.

Mambo haya hayapingani. Mpishi aliyeinama juu ya mafiga anavuta moshi, na msitu uliokatwa kwa mkaa haupati nafasi ya kuota tena. Tanuri la mji wa Ufaransa lina bomba, vichujio na msitu unaopandwa upya. Lakini matini inayosema “mpito wa nishati” pekee inaficha tofauti hiyo yote.

6.0 Hitimisho

Jina jipya la ADEME laweza kufasiriwa “Wakala wa Mpito wa Kiikolojia”, mradi matini ieleze mara moja mpito huo unatoka wapi na unaelekea wapi. “Mpito wa mazingira” haufai, kwa kuwa unaashiria kwamba mazingira ndiyo yanayohama, ilhali wanaotakiwa kuhama ni watu na mazoea yao. Vigezo vya uundaji wa istilahi hudai ufupi, lakini ufupi unaomwacha mama jikoni asijue kama anatakiwa kuacha kuni au kuzirudia umenunuliwa kwa bei ghali mno.