Dondoo muhimu: Paka mgeni nyumbani Lubumbashi

Usimwachie nyumba nzima siku ya kwanza. Mpe chumba kimoja, boksi lenye kitambaa na maji safi. Akijificha chini ya kitanda siku mbili, mwache. Atatoka mwenyewe.

Karai la mchanga liwe mbali na chakula. Mchanga usiuchote karibu na lile lima jeusi la mabaki ya kiwanda cha madini cha Gécamines: udongo wa upande ule una risasi na metali nyingine, na paka hujilamba mwili mzima.

Bukari (ugali) peke yake haimtoshi, kwani paka ni mla nyama. Kapenta (dagaa) zinafaa, ila ziloweke kwanza zipungue chumvi, na usimpe mchuzi wenye kitunguu. Maziwa, ambayo kila mtu huyakimbilia, huwaharisha paka wengi wakubwa.

Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi kali. Paka atasogelea mbabula (jiko la makaa), kwa hiyo usiiache na makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake inaua paka na watu. Asubuhi gonga boneti ya gari kabla ya kuwasha, kwani paka hujificha humo kutafuta joto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa (ndiyo, na paka hukipata) huanza akiwa na wiki 12 hivi. Akiumwa, usimpe paracétamol hata kipande: ni sumu kwake. Na kama umeweka sumu ya panya, iondoe kabla hajafika. Panya ni kazi yake.