BETRI YA PILI: GARI LIWAKE USIKU

Tufikirie jambo hili. Ni usiku, huko Bashnet. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Inabidi apelekwe hospitali ya Dareda. Gari la kijiji lipo. Lakini jioni nzima watu wamechaji simu na kusikiliza redio kwa betri ya gari. Dereva anawasha. Wapi! Gari limegoma.

Dawa yake ni betri ya pili. Betri ya kwanza iwe ya kuwashia gari. Ya pili iwe ya simu, redio na taa. Lakini ikifungwa ovyo, gari huweza kuungua. Kazi hii tumpe fundi umeme wa magari hapa Babati mjini. Sisi tujue hatua zake, ili tuikague.

1. Injini izimwe. Fundi avue saa na pete. Asivute sigara, maana betri hutoa gesi inayolipuka.

2. Waya wa hasi (−) ufunguliwe kwanza. Ukianza na chanya (+), spana ikigusa bodi, cheche zitaruka.

3. Betri ya pili iwe na volti sawa na ya kwanza, mara nyingi 12. Ibanwe isicheze, mahali penye hewa.

4. Waya mnene uunge chanya na chanya. Waya mwembamba hupata moto na kuyeyuka.

5. Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri. Kwa nini? Waya ukichubuka na kugusa bodi, umeme huja kutoka pande zote mbili. Fyuzi ikikatika, tusiweke kipande cha waya badala yake!

6. Katikati iwekwe swichi kubwa. Injini ikiwaka, tuiwashe, betri zote zipate chaji. Injini ikizimwa, nayo tuizime. Hapo redio haitakula umeme wa betri ya kwanza.

7. Swichi ikiwa imezimwa, waya za hasi zifungwe mwisho.

Maji ya betri ni asidi. Yakikuingia machoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Waya upi hufunguliwa kwanza? Kwa nini?
2. Dereva akisahau kuzima swichi usiku, kutatokea nini?
3. Katika kijiji chenu, nani atakuwa na kazi ya kuikagua swichi kila jioni?