Tutunze Ngozi Zetu, Mlimani na Bondeni

Mwezi huu tuzungumze juu ya ngozi. Sisi wa Chimala tunalo somo hili mbele ya macho yetu. Asubuhi moja tu kwenye benchi la wagonjwa wa nje utamwona mama aliyeshuka kutoka Matamba kwa barabara ile ya kona 57. Amejifunga blanketi, midomo imepasuka, na miguu ina weupe kama iliyopakwa majivu. Kando yake amekaa kijana aliyetoka majarubani kupandikiza mpunga. Vidole vyake vya miguu vimelowa hadi vimekuwa vyeupe, na katikati yake panatoa maji na harufu. Mmoja ameumizwa na ukavu, mwingine na unyevu. Hata hivyo, wote wawili huuliza swali lile lile: "Nesi, nipake nini?"

Mara nyingi jibu langu huwashangaza. Kabla ya kupaka kitu, tutafute kwanza kinachoiumiza ngozi.

Yafaa ieleweke kwamba ngozi ni ukuta. Tabaka lake la juu kabisa ni chembe zilizokufa zilizopangana kama matofali, na kati yake yapo mafuta ya asili yanayoshika matofali hayo kama udongo wa kujengea. Sabuni kali na maji ya moto huyaondoa mafuta hayo. Hapo ukuta hupata nyufa, maji ya mwilini hutoka, na vijidudu hupata mlango wa kuingia. Tabaka hilo hujengwa upya kwa muda wa wiki nne hivi. Kwa hiyo mwenye kutunza ngozi awe na subira. Kitu kinachobadilisha ngozi kwa siku tatu kitie shaka, nami nitarudi kwenye jambo hilo.

Nianze na ndugu zetu wa Matamba, Kitulo, Makete na Njombe. Mwezi Juni na Julai sakitu huanguka usiku, na hewa kavu hunyonya maji ya ngozi mchana kutwa. Nilipokuwa muuguzi kijana nilimwambia mama mmoja mwenye miguu iliyopasuka na kuwasha aoge mara mbili kwa siku kwa sabuni nyingi, maana nilidhani ni uchafu. Baada ya wiki mbili alirudi miguu ikitoka damu. Alikuwa amelitii kila neno langu. Sijamsahau mama yule.

Basi wakati wa baridi oga mara moja kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu, wala usikae majini muda mrefu. Sabuni itumike hasa makwapani, kwenye kinena na nyayoni. Sehemu nyingine, kama hazina tope wala jasho, maji yanazitosha. Sabuni ya unga ni ya nguo, isiguse mwili, na hasa mwili wa mtoto mchanga. Jiwe la kusugulia ni la visigino tu. Ukimaliza kuoga, jipanguse polepole, kisha paka mafuta ngozi ingali na unyevunyevu, kabla ya dakika tatu hivi kupita. Hapa ndipo wengi hukosea. Hujikausha kabisa, wakavaa, wakapiga gumzo, halafu ndipo wakakumbuka mafuta. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, bali huyafungia yale yaliyopo. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanatosha, na kwa ukavu mkali hushinda losheni nyingi za bei kubwa. Ukiyakosa, mafuta safi ya alizeti yanafaa.

Mwenye magaga aloweke miguu jioni kwa dakika kumi, asugue taratibu, apake mafuta mengi na kulala na soksi. Asikate magaga kwa wembe! Mwenye kisukari ndiye wa kuogopa zaidi, kwani miguu yake huweza kuwa na ganzi, na jeraha dogo likaoza bila yeye kuhisi. Huyo akague nyayo zake kila jioni, au mjukuu amkagulie.

Neno moja kwa bibi zetu wanaoota moto. Mkiona miguu imeanza kuwa na madoa yenye umbo la wavu, kiti kiko karibu mno na jiko. Ni ngozi inayoungua polepole, mwaka hata mwaka. Sogezeni kiti, vaeni soksi nzito.

Sasa tushuke bondeni. Katika mpunga, mguu hushinda majini saa sita au nane, ngozi ikalainika, na fangasi hupenda sana mahali pa namna hiyo. Utoe mguu majini kila unapopata nafasi, hata saa ya kula, ukauke. Jioni osha miguu kwa maji safi, kisha kausha katikati ya kila kidole kwa kitambaa chako mwenyewe. Nasema chako, si cha familia nzima. Hapo katikati ya vidole usipake mafuta, paache pawe pakavu. Lala miguu ikiwa wazi. Mabuti ya mpira ni mazuri, lakini yageuzwe na kukaushwa usiku, maana buti lenye maji ndani ni sawa na jaruba. Tena mabuti yana faida nyingine kubwa. Vimelea vya kichocho hupenya hata ngozi isiyo na jeraha, na vikiisha kuingia huwezi kuvitoa kwa kuoga. Anayelima majarubani kila mwaka asiache kupima kichocho, hata kama hasikii maumivu.

Upele hauchagui mlima wala bonde. Huletwa na kidudu kidogo kinachochimba ndani ya ngozi, na dalili yake ni kuwasha zaidi usiku, hasa kati ya vidole vya mikono, viungo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa hata wiki nne hadi sita bila kujikuna, huku akiwaambukiza wenzake kitandani. Ndiyo sababu tunapompa mama dawa ya mtoto mmoja tunamwambia nyumba nzima ipakwe siku ile ile, hata baba asiyejikuna. Akina baba, msikatae! Nguo na mashuka ya siku hizo yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Lisilofulika lifungwe katika mfuko siku kadhaa, kwani kidudu hicho hakiishi zaidi ya siku chache mbali na mwili wa mtu.

Nirudi kwenye vitu vinavyobadilisha ngozi kwa siku tatu. Zipo tyubu zinazouzwa hata gengeni, pamoja na nyanya na viberiti, na watu huzipaka kwa chunusi, upele, fangasi na hata matako ya mtoto. Nyingi zina dawa ya jamii ya steroidi, kama vile betamethasoni. Ni dawa halali na yenye faida ikitolewa kwa ugonjwa wake na kwa siku zilizopangwa. Lakini ukiipaka juu ya fangasi, wekundu hupungua, muwasho hunyamaza, mtu hufurahi, na chini yake fangasi huendelea kutambaa. Nimempokea mtoto aliyeanza na duara moja shavuni, kubwa kama sarafu, akaja miezi mitatu baadaye uso mzima umeshikwa. Ikitumika muda mrefu, ngozi huwa nyembamba kama karatasi na mistari hujitokeza isifutike tena.

Hali kadhalika mkorogo wa kujichubua. Krimu nyingine za namna hiyo zimekutwa na zebaki, ambayo huingia mwilini na kuharibu figo, na mama mjamzito huweza kuipitisha kwa mtoto tumboni. Mataifa wanachama wa Mkataba wa Minamata yalikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Lakini mnada hausomi mikataba, kwa hiyo macho ni yako.

Ndugu zetu wenye ualbino wako katika hatari ya namna nyingine. Jua la mlimani huunguza hata siku ya baridi, tena lina nguvu zaidi kuliko la bondeni. Wavae kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, na walimu wawaketishe kivulini. Huko Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa KCMC mwaka 1992 kimekuwa kikitengeneza krimu maalumu ya kuwakinga na jua. Ulizeni hospitalini namna ya kuipata. Kidonda chochote usoni au shingoni kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe upesi.

Na kuna baka ambalo haliwashi, nalo lanitia hofu kuliko yanayowasha. Mzee mmoja alikuwa na baka lililofifia rangi mkononi. Kwa miaka miwili alilipaka kila tyubu aliyouziwa. Alikuja kwetu kwa sababu ya kuungua: alikuwa ameshika sufuria ya moto asihisi. Ulikuwa ukoma. Tuliua vijidudu kwa dawa, lakini vidole vyake viwili havikunyooka tena. Angekuja mapema angebaki na mkono mzima. Dawa ya ukoma hutolewa bure, humezwa kwa miezi sita au kumi na miwili, na mgonjwa akiisha kuianza haambukizi tena wenzake. Ukiona baka la namna hiyo, fumba macho, mwenzako aliguse kwa ncha ya pamba. Usipohisi, njoo wiki hiyo hiyo.

Mnapokuja, njoni na ile tyubu mliyokuwa mkipaka, hata kama imekwisha. Hatutawagombeza. Tunataka tu kusoma kilichoandikwa juu yake.