Somo la Kikundi: Barua ya Shule Ipelekwe Mlango Gani?



Mwaka 2014 sisi wa kikundi kimoja hapa Dandora tulikaa Jumapili baada ya ibada tukaandika barua. Chekechea ya mtaa wetu ilikuwa ya mabati, mwalimu mmoja, watoto zaidi ya sitini, choo kimejaa. Tukatia sahihi, tukachanga nauli, na Jumatatu wenzetu wanne wakapanda matatu mpaka Bungeni. Huko wakaambiwa kwa upole kwamba mambo ya chekechea hayako hapo, waende City Hall.

Kumbe kosa lilikuwa letu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi ya elimu. Chekechea, vituo vya kulelea watoto na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni za serikali ya taifa. Kwa hivyo kabla hamjachukua kalamu, ulizaneni kwanza: jambo letu ni la nani? Ninyi mlio Kitui au Busia, mlango wa chekechea uko kwenye bunge la kaunti yenu. Hakuna haja ya kumaliza pesa za kuku kwa basi la Nairobi.

Sasa tuseme jambo ni la shule ya msingi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi Bungeni, hata kuomba sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Utaratibu wake uko katika sheria ya mwaka 2012. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono au kwa taipu, kwa Kiswahili au Kiingereza. (Wengi wetu tulidhani lazima Kiingereza, tukawa tunamtafuta karani wa kulipwa. Pesa bure!) Liandikwe kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Mseme kama mlishajaribu ofisi inayohusika na jibu halikuwaridhisha, na kama jambo liko kortini au la. Mwisho mwombe kitu kilicho wazi. Kila mmoja aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi. Asiyeweza kutia sahihi aweke alama ya kidole. Ombi laweza kupelekwa kwa Karani wa Bunge, ama mbunge alilete kwa niaba yenu.

Hapo kwenye "kitu kilicho wazi" ndipo vikundi vingi huanguka. "Tunaomba serikali isaidie elimu" si ombi, ni kilio.

Na sheria peke yake haitoshi. Sheria ya Watoto ya 2001 ilishasema mtoto apate elimu ya msingi bila malipo. Je, wazazi wa Kariobangi waliacha kulipa? Hapana. Walipumua Januari 2003, serikali ilipotoa pesa, shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka huo wanafunzi wa shule za msingi nchini walitoka karibu milioni 5.9 wakafika milioni 7.2. Kwa hiyo kikundi chenye akili hufuata pia bajeti. Makadirio ya matumizi hufika Bungeni miezi miwili kabla ya mwisho wa Juni, na kamati inatakiwa na Katiba isikilize maoni ya wananchi. Mkija Julai, mmechelewa.

Hapa Eastlands bado kuna donda. Pesa za 2003 zilikwenda shule za umma, na shule nyingi za mtaani za Mathare, Korogocho na Mukuru zikabaki nje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataja aina mbili tu za shule: ya umma na ya binafsi. Basi shule aliyoianzisha mama mmoja kwa mabati na viti vya kuazima huwekwa kapu moja na shule za matajiri. Sisi tunaona hapo ndipo pa kuombea, kwa maneno ya sheria yenyewe.

Vijana wetu wameuliza kama mambo haya yaweza kuwa kazi ya maisha. Yanaweza. Bunge lina makarani wa kamati, watafiti na waandishi wa miswada. Tena mtazameni Dk. Eddah Gachukia: alikuwa mwalimu, akawa mbunge wa kuteuliwa kuanzia 1974 hadi 1983, na baadaye akaongoza FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana lililoanzishwa 1992. Alitetea elimu akiwa Bungeni, na akaendelea alipotoka.

Na barua yetu? Tuliiandika upya, tukaomba mwalimu wa pili na choo kimoja. Mwalimu alikuja. Choo bado tunakidai.

Ya kuzungumza kikundini: Ni jambo gani moja la shule linalowasumbua sasa hivi? Ni la kaunti au la taifa? Nani kati yenu ana mwandiko safi?