Pua Iliyoziba Miezi Mitatu Si Mafua

Wengi wetu pua ikiziba tunakwenda duka la dawa kununua antibiotiki. Tunapata nafuu kidogo, hali inarudi, nasi tunarudi dukani. Mwaka unaisha hivyo.

Ikiwa pua imeziba, makamasi yanashuka kooni, uso unauma na hata harufu ya samaki wa kukaanga huisikii, na hali hiyo imedumu wiki 12 au zaidi, huenda ni uvimbe sugu wa sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Mara nyingi hakuna kijidudu kimoja cha kuuawa kwa kapsuli. Wanaovimbisha ni askari wetu wenyewe, seli nyeupe za damu.

Mmoja wa askari hao ni eosinofili. Silaha zake hasa ni za kupigana na minyoo, na hapa Kwale, penye safura na kichocho, kazi hiyo anaijua sana. Humzunguka mnyoo na kummwagia sumu. Lakini kwa baadhi ya watu huingia puani pasipo na mnyoo wowote, akaimwaga sumu ileile kwenye utando wa pua. Utando unavimba, milango ya sainasi inaziba, makamasi yanakwama. Wengine huota vinyama laini, vyeupe kama shokishoki lililomenywa. Wenye pumu hupatwa zaidi, basi mwambie daktari kama unayo. Moshi wa kuni, sigara na vumbi huchochea vita hivyo.

Kwa hiyo tiba ni kuwatuliza askari. Daktari anaweza kukupa dawa ya kupuliza puani, ya kutumia kila siku kwa wiki kadhaa. Usiiache siku ya tatu kwa kuwa hujaona tofauti. Matone ya kuzibua pua upesi ni dawa nyingine, na yakizidi siku chache huziba pua zaidi.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia: robo kijiko cha chai kwa kikombe kimoja. Maji yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Ya kisima au ya mfereji yasiingie puani hivihivi, kwani yanaweza kuwa na amiba anayepanda hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini huua.

Jicho likivimba, ukiona vitu viwili-viwili, au homa kali ikija na shingo kukakamaa, nenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au iliyo karibu siku hiyohiyo. Pua inayoziba upande mmoja tu na kutoa damu nayo ichunguzwe mapema.