Maji Yaliyofungwa Ndani ya Jiwe

Katika nchi ya Katanga, huko Kongo, upo mji uitwao Kipushi, karibu na Lubumbashi. Watu walianza kuchimba mgodi mkubwa mahali hapo mwaka 1924, nao walitoa humo shaba na zinki nyingi. Kazi ilisimama mwaka 1993, ikaanza tena mwaka 2024. Mtu akiushika mkononi mwake udongo wa shamba, kisha akashika jiwe la Kipushi, hukosa budi kuuliza: Mali hii yote ilikusanyikaje mahali pamoja, na ni nani aliyeileta?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1791 mwalimu mmoja wa Freiberg, katika nchi ya Wajerumani, jina lake Werner, aliandika kitabu juu ya mishipa ya madini. Alisema kwamba zamani bahari ilifunika nchi, na maji yake yalishuka katika nyufa za miamba, yakaacha madini humo. Hutton, mtu wa Edinburgh, alikana. Yeye alisema kwamba madini yalipanda kutoka chini, yakiwa yameyeyuka kwa moto wa ndani ya dunia. Wafuasi wao wakashindana miaka mingi, wala hapana aliyeweza kuleta shahidi, maana kazi yenyewe ilikwisha kabla hajazaliwa mtu duniani.

Lakini shahidi alikuwapo, naye alikuwa amefungwa ndani ya jiwe. Mwingereza mmoja, Sorby wa Sheffield, alikata mawe yakawa membamba hata mwanga ukapenya, akayatazama kwa hadubini. Katika jiwe jeupe liitwalo kwatsi aliona vishimo vidogo sana, na ndani yake maji, na ndani ya maji povu moja dogo. Vishimo hivyo ni vidogo hata vingi vyao vikipangwa mia mfululizo havizidi milimita moja au mbili. Mwaka 1858 Sorby alieleza maana yake. Jiwe lilipokuwa likikua katika maji ya moto, matone machache yalizungukwa yakafungwa. Wakati huo maji yalijaza kishimo chote. Jiwe lilipopoa maji yalinywea, ndipo nafasi ya povu ikapatikana. Basi ukilitia moto jiwe hilo polepole, ukangoja mpaka povu litoweke, utajua kwamba maji yalipofungwa yalikuwa na moto usiopungua kiasi hicho.

Hata chumvi ya maji hayo huweza kupimwa bila kulivunja jiwe. Maji matupu huganda kwa digrii 0 za Sentigredi, na maji ya bahari hushuka karibu digrii 2 chini yake kabla ya kuganda. Maji yenye chumvi nyingi sana hushuka hata digrii 20. Kwa hiyo mpimaji hulipoza jiwe na kutazama. Matone ya Kipushi yalipopimwa yalionekana kuwa na chumvi zaidi ya mara tano ya ile ya bahari.

Chumvi hiyo ilitoka wapi? Hapa watu wa pwani wanaweza kulielewa jambo upesi kuliko wengine, maana wameona mashimo ya chumvi. Maji ya bahari yakikaushwa na jua, chumvi hutulia chini, na juu hubaki maji machache machungu. Katika bahari yamo mambo mawili yanayofanana, klorini na bromini. Kwa kila kilo 1 ya bromini huwa karibu kilo 290 za klorini. Chumvi ikitulia huchukua klorini nyingi, lakini bromini haiitaki, basi hubaki katika maji machungu. Kwa hiyo maji yaliyobaki baada ya kukauka huwa na bromini nyingi kwa kulinganisha, bali maji yaliyoyeyusha mwamba wa chumvi huwa na bromini kidogo mno. Wapimaji husafisha mawe vizuri, huyasaga, huyaosha kwa maji safi kabisa, kisha huhesabu vitu hivi viwili. Mawe ya Kipushi yalitoa jawabu la maji machungu. Yaani ni masazo ya bahari ya kale iliyokauka nusu, yakazama katika miamba, yakapata moto huko chini, na baadaye, miaka kama milioni 450 iliyopita, yakapita katika ufa mkubwa wa mwamba na kuacha madini yake.

Mtu aweza kusema: Chumvi yaweza kuchukua shaba? Mwaka 1962 jambo hili lilionekana kwa macho huko California. Watu walichimba kisima kirefu karibu na ziwa la Salton, wakakuta maji ya chumvi yenye moto mwingi. Mabomba ya kisima yalishika ukoko mweusi. Katika muda wa miezi mitatu ulipatikana ukoko wa tani 5 hadi 8, na sehemu moja katika tano ilikuwa shaba, tena mlikuwamo na fedha. Na maji yenyewe yalipopimwa uzito wake yalionekana kuwa maji ya mvua ya nchi ile, yaliyokuwa yamenywea ardhini.

Hapo ndipo Werner na Hutton walipokosea wote wawili. Walitafuta asili moja ya kila kitu, lakini maji yaweza kutoka mbinguni, chumvi kutoka katika bahari iliyokauka, na moto kutoka chini. Imewapasa wapimaji kuuliza habari za kila kimoja peke yake. Na faida yake si ndogo: atafutaye shaba Katanga akijua habari hizi hatapoteza fedha kutafuta miamba iliyoyeyuka kwa moto, bali atafuata nyufa kubwa zikatazo miamba ya bahari ya kale.

Lakini mpimaji asiyekuwa mwangalifu hudanganyika. Jiwe huweza kupasuka baada ya miaka mingi, maji mageni yakaingia katika ufa, kisha ufa ukajifunga tena. Matone hayo ya baadaye hujipanga mstari mmoja kukata jiwe, na yale ya kwanza hufuata matabaka ya kukua kwake. Kwa hiyo kabla ya kupima lolote, kazi ya kwanza ni kukaa kwenye hadubini na kuyatenga.